Tende, Kakao na Swali la Binti Yetu



Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, juma hili hatuandiki fatwa wala waadhi. Twaeleza kosa letu wenyewe. Mtu anayepanda mimbari akawaonya watu na haraka ya ulimi, kisha akateleza kwa ulimi huo huo ndani ya nyumba yake, ana deni, na deni hulipwa.

Ilikuwa siku ya nne ya Ramadhani ya mwaka 1445, yaani katikati ya Machi 2024. Tulikuwa tumeswali Alasiri, tumekaa barazani na msahafu, simu ikalia. Alikuwa binti yetu, ambaye ni mwanagenzi katika karakana ndogo ya chokoleti mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Baada ya salamu akasema: "Baba, nina swali. Kazi yangu sasa ni kutunga bidhaa mpya. Kila siku twachanganya mseto mmoja au miwili, na hatuna budi kuuonja na kuandika tulichokiona. Nami nimefunga. Je, yajuzu kuonja kisha nikatema?"

Hatukumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Tulimwambia: "Kazi ya kukuonjesha chakula mchana wa Ramadhani si kazi. Iache, urudi nyumbani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Inshallah, baba," kwa sauti ile ya mtoto aliyelelewa vyema ambaye amesikia lakini hakukinai. Simu ikakatika.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama watoto, ambaye alikuwa akipika futari, akatoka na mwiko mkononi. Hakupaza sauti. Alisema: "Maalim, mchuzi huu nimeuonja chumvi sasa hivi. Basi na mimi niache kazi?"

Hatukuwa na jibu. Tangu tulipooa, kila Ramadhani mchuzi wa nyumba hii umeonjwa chumvi kwa ncha ya ulimi na kutemwa, nasi tumefuturu na kushukuru, wala hatujapata kusema neno. Tulijua hukumu yake barabara. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kuonja chakula kwa aliyefunga ni makuruhu pasipo haja. Ikiwapo haja, kama ya mpishi au ya mama anayemtafunia mtoto wake, karaha huondoka, maadamu hakimezwi chochote. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kwamba hakuona ubaya katika jambo hilo. Haya tumeyasomesha madrasani kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa darasa la tatu angalitujibu.

Basi kwa nini tulimjibu binti yetu kwa ukali ule? Usiku, baada ya Tarawehe, tuliketi na nafsi yetu tukaihoji, nayo ikakiri. Aliyejibu hakuwa sheikh. Alikuwa baba mwenye hofu, aliyekuwa akingoja sababu tangu siku mwanawe alipoondoka, na swali lile likawa sababu. Tuliivika hofu yetu kilemba, tukaiita dini.

Tulimpigia simu usiku ule ule. Tulimweleza kwamba ruhusa ipo kwa mwenye haja, lakini chokoleti si mchuzi: mafuta yake hung'ang'ania ulimi na ufizi, na mate huendelea kuyabeba kidogo kidogo, hivyo lililo salama zaidi ni kuonja baada ya Magharibi iwapo mwalimu wake ataridhia. Akasema kwa upole: "Nilikwisha kumwuliza, baba. Ameridhia. Nilikupigia nipate kuijua hukumu tu." Hapo ndipo tulipoona haya hasa. Mtoto alikuwa ametengeneza jambo lake kwa adabu na busara, na sisi tulimwambia afunge virago.

Yafaa tueleze alivyofika huko. Alisomea sayansi ya vyakula katika chuo kimoja hapa Pwani, akahitimu kwa stashahada, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima akiandika barua za kuomba kazi zisizojibiwa. Siku moja akasikia kwamba karakana hiyo yataka mwanagenzi. Tulipoambiwa, tulicheka. Chokoleti kwetu ilikuwa kitu cha dukani chenye karatasi ya kumetameta. Hatukuwahi kufikiri kwamba yuko mtu anayekaa akaitunga, kama mtoto asivyofikiri kwamba kanzu yake ya Idi ina mshoni. Tulikubali kwa shingo upande na kwa masharti matatu: akae kwa khaloo yake aliyeolewa huko, apewe wakati wa swala, na mapatano ya uanagenzi yaandikwe. Hili la tatu twawausia wazazi wote. Nchini Kenya iko Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ijulikanayo kwa kifupi NITA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo ndiyo isimamiayo mafunzo ya kazi na mikataba yake. Mtoto anayejifunza kazi pasipo maandishi huweza kuwa mtumwa wa kufagia kwa jina la mwanafunzi.

Juma lililofuata tulifunga safari. Nia yetu, tusifiche, ilikuwa imechanganyika: nusu kuomba radhi, nusu kutazama kwa macho yetu kama kweli yafaa abaki. Tulipanda garimoshi la asubuhi kutoka Miritini, tukashuka Syokimau adhuhuri imepita, tukashika matatu kupitia Mlolongo na Athi River. Kitengela ni mji uliokua upesi kuliko barabara zake: ghorofa mpya, maduka ya mabati, bodaboda, vumbi, na ukitazama pembeni, mbuga iliyo wazi ambako Wamasai wangali wakipitisha ng'ombe wao. Jioni ilipoingia tukahisi baridi ya nyanda za juu, tukavaa koti juu ya kanzu. Binti yetu akacheka, akasema: "Baridi hii, baba, ndiyo rafiki yetu. Mombasa kazi hii ingetaka mashine ya kupoza hewa mchana kutwa."

Asubuhi yake alitupeleka karakanani. Ni nyumba ya vyumba vinne nyuma ya safu ya maduka, safi kama sahani. Mwalimu wake ni mama wa makamo, Mkristo, mwenye mikono yenye makovu madogo ya moto. Alitukaribisha kwa heshima: "Karibu sana, Sheikh. Leo utakuwa mwanagenzi wangu wa siku moja." Tukavishwa kofia ya nywele juu ya kofia yetu ya vito, na aproni juu ya kanzu. Kama wanafunzi wetu wa madrasa wangalituona!

Tukaonyeshwa kazi tangu mwanzo wake. Kenya si nchi ya kakao. Magunia tuliyoyakuta yalitoka Bundibugyo nchini Uganda na Kyela katika mkoa wa Mbeya, Tanzania. Huko mkulima hupasua tunda, akatoa mbegu zenye utelezi mweupe, akazivundika chini ya majani ya mgomba kwa siku tano hadi saba, kisha akazianika juani. Mama wa Pwani anayevundika ndizi zake ataelewa jambo hili mara moja: pasipo kuvundikwa, mbegu haina ladha ya chokoleti hata ungeikaanga namna gani. Zikifika karakanani huchambuliwa moja moja, huokwa, huvunjwa, hupepetwa makapi yaruke, na viini husagwa juu ya mawe yazungukayo mchana na usiku, pengine siku mbili au tatu, hadi ulimi usihisi chembe.

Binti yetu alituambia kwamba miezi miwili ya kwanza hakugusa mseto wowote. Alichambua mbegu na kuosha kalibu. Tulitabasamu, kwani tuliukumbuka utoto wetu chuoni, tulipoteka maji ya maalim na kufagia ua wake kabla hatujaonyeshwa alifu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kilichotushangaza zaidi ni elimu ya joto. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili wa mwanadamu, na hiyo ndiyo hikima ya chokoleti kushikika mkononi na kuyeyuka kinywani. Lakini ukiiyeyusha na kuiacha igande yenyewe, itaganda bila mng'ao, laini, na baadaye itaota ukungu mweupe. Hivyo chokoleti nyeusi hupashwa hadi nyuzi 45 au zaidi, hupozwa kwa kugeuzwa geuzwa hadi 27 au 28, kisha huamshwa tena hadi 31 au 32, ndipo humiminwa kalibuni. Ikizidi nyuzi mbili au tatu, waanza upya. Tulipewa mwiko tujaribu. Tulianza upya mara tatu, na mara ya nne mwalimu akatupokonya mwiko kwa tabasamu.

Binti yetu alipotoka kwenda kuswali Dhuha, yule mama alisogea, akasema: "Sheikh, nikuambie kisa ambacho najua yeye hakukuambia."

Mwezi mmoja kabla, alisema, mwanagenzi wake aliosha tende za majaribio asizikaushe sawasawa, akazikata, akazitia ndani ya chokoleti iliyoyeyuka. Watu wengi hawajui kwamba adui mkubwa wa chokoleti ni maji. Maji kidogo tu yakiingia, chembe za kakao na sukari hushikana, na kilichokuwa laini kama samli hugeuka tope zito. Kilo nne ziliharibika kwa dakika moja. Ilikuwa jioni, wenzake wamekwenda. Angeweza kuzitupa na asiandike lolote. Angeweza pia kuzichanganya kidogo kidogo katika sufuria nyingine, na hakuna ambaye angalijua ila mnunuzi, naye angaliijua ladha mbaya bila kuijua sababu.

"Asubuhi," akasema yule mama, "nilikuta sufuria imewekwa juu ya meza yangu, na daftari limefunguliwa. Ameandika saa, uzito, joto, kisha: kosa ni langu, sikukausha tende. Nimefundisha wengi, Sheikh. Kazi ya mikono nitamfundisha yeyote. Hilo la daftari siwezi kulifundisha. Hilo alikuja nalo."

Wasomaji wetu, tulishindwa kuinua uso. Tulimkumbuka yule muuza nafaka wa sokoni Madina, ambaye Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo lake akakuta unyevu uliofichwa chini. Kisa hicho tumekihutubia mara nyingi, na kila mara tulipokihutubia tulidhani twazungumza na wafanyabiashara. Kumbe mtoto aliyekuwa akikisikia kupitia dirisha la wanawake alikichukua, akakipeleka hadi Kitengela, na usiku mmoja, mbele ya sufuria yenye unyevu, pasipo jicho la kiumbe, akakitumia. Nasi tulikuwa tukiogopa kwamba bara itampokonya dini yake.

Aliporudi alitueleza kazi aliyopewa. Mnunuzi wa chokoleti hajui, lakini mwaka ule kakao ilikuwa imepanda bei kupita kiasi. Mwanzoni mwa 2023 tani moja ilikuwa chini ya dola 3,000 katika masoko ya dunia. Siku chache baada ya ziara yetu, mwishoni mwa Machi 2024, ilivuka dola 10,000 kwa mara ya kwanza. Ivory Coast na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya ulimwengu, na huko mvua zisizo na mpango na maradhi ya miti yalikuwa yameyapunguza mavuno. Karakana kubwa huweza kustahimili. Ndogo hufunga milango. Wako wanaoponea kwa kutia mafuta mengine ya bei nafuu mahali pa mafuta ya kakao, wakaendelea kuandika "chokoleti" juu ya karatasi, ilhali viwango vya kimataifa vya Codex haviruhusu mafuta mengine ya mimea kupita asilimia 5. Yule mama alikataa njia hiyo. Alimwambia binti yetu: "Nitafutie kitu kitakachotumia kakao kidogo, na kiwe na jina la kweli."

Binti yetu akafikiri kuhusu sinia ya futari ya kwao. Tende, akaitoa kokwa. Ndani yake korosho iliyokaangwa na iliki kidogo. Juu yake ganda jembamba la chokoleti nyeusi. Tende yaleta utamu wake yenyewe, sukari haihitajiki sana. Ganda jembamba latumia kakao kidogo kuliko kipande kizima. Na jina lake halimdanganyi mtu: tende yenye ganda la chokoleti. Tulipofika alikuwa katika jaribio la 14.

Sasa kumbukeni kwamba Pasaka ilikuwa mbele yao siku chache tu, na kwa karakana kama ile huo ndio msimu wa maagizo mengi kuliko wakati wowote. Pamoja na hayo, yule mama alikuwa amehamisha maonjo yote ya tende kutoka asubuhi hadi jioni, kwa ajili ya mwanagenzi mmoja aliyefunga. Jioni ile tuliketi mezani wote sita. Adhana ya Magharibi ikasikika kutoka msikitini. Yule mama mwenyewe alitusogezea tende tupu na maji, akangoja tufuturu na kuswali, ndipo akaleta sahani tatu zenye nambari.

Tukaonja ya kwanza. "Vipi, Sheikh?" akauliza. "Tamu," tukasema. Wakacheka wote. Binti yetu akasema: "Baba, hapa neno tamu haliandikwi. Tamu vipi? Imeanza wapi ulimini, imeishia wapi? Ina uchachu? Ina ukakasi?" Akatusomea daftari lake. Mle ndani mlikuwa na maneno ya bibi zetu: ukakasi, uchungu wa mbele na uchungu wa nyuma, uvundo, harufu ya moshi, mnato wa meno. Wenzake wa karakanani, Wakamba, Wakikuyu na Mmasai mmoja, wamejifunza kwake neno ukakasi na sasa hulitumia kila siku. Tulionja tena kwa makini, tukasema kwa woga kwamba ya pili iliki imezidi, imeificha korosho. Mwalimu akatazama daftari. "Sheikh amepasi," akasema. Hatujafurahia sifa namna ile tangu tulipohitimu Juzuu Amma.

Siku ya Ijumaa walikuwa na safari ya Kajiado mjini, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, nasi tukafuatana nao katika gari lao. Jaribio lilikuwa la njia: chokoleti iliyo nzuri mezani si nzuri mpaka ifike kwa mnunuzi. Binti yetu alipakia masanduku matatu yenye tende zile zile: moja la boksi tupu, la pili limezungushiwa magazeti tabaka nyingi, la tatu lenye barafu pembeni. Barabara ya Namanga yapita Isinya, kisha mbuga na migunga na jua lisilo na huruma. Tuliswali Ijumaa katika msikiti wa mjini Kajiado, safu zetu zikiwa na wafanyabiashara, Wasomali, na Wamasai waliosilimu, gari likiwa limeachwa juani kwa makusudi. Tulipotoka akafungua masanduku mbele yetu. Lenye barafu lilikuwa salama. La magazeti lilikuwa limelainika kidogo. La boksi tupu lilikuwa matope, na kesho yake lilipoganda lilikuwa na ukungu mweupe. Aliyaandika yote matatu kwa wino mmoja, lililofaulu na lililofeli.

Njiani kurudi tulimwuliza kuhusu viungo, kwa kuwa mama wengi hutuuliza msikitini. Jibu lake twalileta kwenu kama alivyolipanga. Chokoleti yenyewe, ikiwa ni kakao, sukari na maziwa, haina tatizo; tatizo huwa katika kilichojazwa ndani. Tazameni gelatini, hasa katika vitu laini vya kutafuna, kwani huweza kutoka kwa nguruwe au kwa mnyama asiyechinjwa kisheria. Tazameni rangi nyekundu iitwayo E120, ambayo hutokana na wadudu. Kilichoandikwa E471 huweza kutoka kwa mimea au kwa wanyama, basi ulizeni au tafuteni alama ya halali. Lesithini kwa kawaida hutoka kwa soya au alizeti, haina neno. Chokoleti zilizojazwa pombe huonekana kwa jina lake, nazo ni haramu bila shaka. Ama vanila iliyotolewa kwa kileo, wanavyuoni wa zama zetu wametofautiana, nasi twaona kujiepusha ni bora. Karakanani kwake palikuwa na chupa ya namna hiyo. Hakupiga kelele wala hakususia. Alimwuliza mwalimu kama mseto wa tende waweza kutumia maganda ya vanila yenyewe, ambayo Uganda huyalima, na mwalimu akakubali kwa sababu ladha yake ilikuwa bora.

Usiku wa mwisho, nyumbani kwa khaloo yake, tulimwita. Tulimwambia: "Mwanangu, siku ile tulikujibu kwa hofu, si kwa elimu. Tusamehe." Akainamisha kichwa, akaubusu mkono wetu, akasema: "Baba, nilijua ni hofu. Ndiyo maana sikurudi." Tulicheka, na mama mdogo akalia.

Tumekuwa tukitafakari tangu hapo kisa cha Nabii Musa (A.S.), mtume mwenye kitabu, aliyefunga safari ya mbali ili awe mwanafunzi wa mja mwema, akaambiwa tangu mwanzo kwamba subira itamshinda. Sisi husimulia kisa hicho tukiwausia vijana wavumilie walimu wao. Hatukuwahi kukigeuza kwa upande wetu. Mzazi naye ni mwanagenzi katika maisha ya mwanawe. Huona jahazi linatobolewa akapiga kelele, asijue bado kwamba ndivyo linavyookolewa.

Wazazi wenzetu, hatusemi kila mtoto aachiwe aende popote. Ulizeni atakaa na nani. Takeni maandishi. Nendeni mkaone kwa macho, mkae siku mbili tatu, muoshe hata kalibu moja. Lakini mkiulizwa swali la dini na mtoto aliye mbali, mjibuni kwa dini, wala msilitumie kama kamba ya kumvutia nyumbani. Mtoto akiona mara moja kwamba hukumu yetu ni hofu iliyovikwa kilemba, mara ya pili hatauliza.

Idi ilipofika alitutumia kisanduku kwa basi la usiku. Kiliwahi Mombasa, lakini kilikaa ofisini pa mizigo hadi adhuhuri, na joto la Mombasa twalijua. Mama watoto alipokifungua akakuta tende kumi na mbili zimeota ukungu mweupe juu ya ganda. "Zimeharibika?" akauliza kwa huzuni. Nasi, kwa fahari ya mwanagenzi wa siku moja, tukamweleza kwamba ni mafuta ya kakao tu yaliyopanda juu kwa joto, hayadhuru, ila sura imepotea. Chini ya kisanduku palikuwa na kijikaratasi kwa mwandiko wake: "Jaribio la 19. Tafadhali baba uandike imefikaje, saa ngapi, na ladha yake. Usiandike tamu."

Tulizila zote siku ile na majirani, kisha tukachukua kalamu, tukaandika.

Wabillahi tawfiq.